Barua ya wakili isiue katuni

Mhariri,

Mfululizo wa katuni unaowaiga watu mashuhuri ukisitishwa kwa vitisho vya kesi, mara nyingi hakuna hakimu aliyewahi kuutazama. Barua ya wakili inatosha. Mtayarishaji mdogo hupiga hesabu ya gharama na kufunga kazi, hata kama angeshinda.

Na huenda angeshinda. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja, ilifuta fidia ya dola 200,000 aliyopewa mhubiri Jerry Falwell kwa dhihaka iliyomkera (na ilikuwa chafu kweli). Uingereza nayo iliruhusu mzaha wa namna hiyo katika sheria ya hakimiliki mwaka 2014.

Sitetei uongo unaovishwa joho la ukweli. Lakini nyota anayeishi kwa kutazamwa, pua ikirefushwa kidogo kashtuka?

Msomaji wako