Barua kwa vijana wangu mnaoandika muvi za majambazi

Wanangu, salamu kwenu nyote mnaokesha na skripti. Mzee wenu nimeangalia muvi za uhalifu toka ujana wangu na naomba mnisikilize, maana skripti nyingi mnazoniletea zinanisikitisha palepale, genge limekaa vizuri tu, limepiga tukio, alafu ghafla kila mtu anamshuku kila mtu kwa sababu nyie mwandishi mmeshachoka mnataka bunduki zilie. Hapana jamani.

Jambazi anamwogopa mwenzake kuliko polisi. Polisi hajui hela ilipofichwa, mwenzake anajua. Na akidhulumiwa mgao wake ataenda kushtaki wapi? Hana mkataba, hana mahakama, ana neno la mtu tu na huyo mtu kazi yake ni uongo. Hapo ndo wasiwasi unapozaliwa, kwahiyo kabla hamjawagombanisha nionesheni kwanza walivyoaminiana, nani kamtoa nani jela, nani anamdai nani, maana mtu ambaye hukuwahi kumwamini hata akikusaliti haikuumi.

Angalieni Reservoir Dogs ya 1992. Wizi wenyewe hatuuoni kabisa, tunaona kabla na baada, wamejificha ghalani wanatafuta nani kawachoma. Wamepewa majina ya rangi ili wasijuane, yaani kile kilichowekwa kuwalinda ndo kinawanyima pa kushika, karibu hakuna anayeweza kusema huyu namjua mimi. Alafu mmoja wao, White, anamwonea huruma mwenzake Orange anayevuja damu, anakuwa ameshamtajia jina lake la kweli, na Orange ndo polisi aliyejipenyeza! Sisi tunalijua hilo kabla yake, White hajui, na anamtetea mpaka mwisho. Inauma sana ile.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni ile sehemu ya Goodfellas (1990). Jambazi Jimmy ameshaanza kuwamaliza wenzake wa ule wizi wa hela za shirika la ndege la Lufthansa, siku hiyo Karen, mke wa mwenzake Henry, kaja kumwona, Jimmy anaongea naye kwa upole kabisa, anamwambia nenda pale mbele kachukue magauni. Karen anatembea, anageuka kumwangalia, Jimmy anamwonesha tu kwa mkono endelea endelea, Karen anachungulia ndani anaona wanaume gizani, anakimbilia gari lake anaondoka. Basi. Hakuna risasi wala kelele, na mpaka leo hatuambiwi kama kweli alitaka kumuua au yalikuwa magauni tu. Kwangu mimi ile inatisha kuliko maiti zote za muvi ile, maana mkarimu na muuaji wana sura moja.

Sasa rudini kwenye skripti zenu, tafuteni pale mlipoandika wanatoleana bastola, futeni. Mmoja amuulize mwenzake jana usiku ulikuwa wapi mbona simu hupokei, mwenzake ajibu ukweli mtupu, na asiaminiwe.