Moshi haugeuki mafuta bila umeme

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe makala ya gazeti lako iliyodai kwamba wanasayansi wamepata njia ya kugeuza moshi kuwa mafuta. Habari yenyewe ina msingi, ila mwandishi hakutaja umeme popote, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne wameniuliza kama mtambo huo unaweza kuendeshwa kwa mafuta unayoyatengeneza wenyewe.

Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois na kampuni ya Dioxide Materials, huko Marekani, walieleza katika jarida la Science jinsi walivyoipasua hewa ukaa, gesi iliyomo katika moshi, wakapata kaboni monoksaidi, gesi ambayo ikichanganywa na haidrojeni hutengenezewa methanoli na hata dizeli. Kikwazo cha miaka yote kilikuwa hatua ya kwanza: molekuli ya hewa ukaa ni ngumu kupokea elektroni, yaani chembe zinazobeba umeme, na ukiongeza volti ili kuilazimisha, sehemu kubwa ya umeme huishia kuyavunja maji. Wao walitumia elektrodi ya madini ya fedha pamoja na kimiminika cha ayoni, yaani chumvi iliyoyeyuka hata bila kupashwa moto, ambacho inavyoelekea huishika molekuli hiyo mara inapopokea elektroni na kuilainishia njia. Gesi ilianza kutoka kwenye volti 1.5, ilhali kiwango cha chini kabisa kinachowezekana ni 1.33, na zaidi ya asilimia 96 ya elektroni zilifanya kazi iliyokusudiwa.

Ni kazi ya kupigiwa makofi, lakini tupige hesabu. Hata kwa volti hizo 1.5, kilo moja ya hewa ukaa inakula takriban uniti 1.9 za umeme. Uniti moja ya umeme wa makaa ya mawe humwaga angani karibu kilo moja ya hewa hiyo hiyo, kwa hiyo unachota kilo moja na kumwaga karibu mbili. Umeme wa gesi asilia, kama wetu wa Songosongo na Mtwara, hukuachia faida kiduchu, na kiwandani, ambako kasi hudai volti nyingi zaidi, hata hiyo hutoweka. Umeme wa maji, wa jua au wa jotoardhi kama wa Olkaria, Kenya, ndio unaoipa kazi hii maana.

Ninaomba habari za namna hii zikichapishwa tena, msomaji aelezwe uniti ngapi zimetumika na zimetoka wapi.

Mwalimu wa kemia,
Morogoro