Barua ya malalamiko: Nota za kwaya yetu zimefungiwa

Kwaya ya Parokia,
Tabora Mjini.
14 Machi 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUSHINDWA KUHAMISHIA NOTA ZETU KWENYE KOMPYUTA MPYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Tabora. Mwaka 2009 wanakwaya walichangishana, wengine wakauza asali na karanga, tukanunua kwenu programu ya kuandikia nota. Mlitupa CD na namba ya leseni. Risiti ninayo hadi leo, na nakala yake nimeambatisha.

Januari mwaka huu umeme ulikatika wakati wa mvua, na uliporudi ukaunguza kompyuta yetu ya mezani. Fundi wa sokoni alichomoa hadi diski akaokoa nyimbo zote 186. Parokia ikatununulia kompyuta mpakato, nikaazima kisomaji cha CD, programu ikaingia bila shida. Ilipofika kwenye kuamilisha leseni ikagoma. Inasema leseni imeshatumika kwenye kompyuta mbili, kwa hiyo niiondoe kwanza kwenye mojawapo. Sasa, kuiondoa ni mpaka uwashe kompyuta hiyohiyo na kubonyeza kitufe humo ndani. Ya kwanza iliuzwa zamani kama chuma chakavu. Ya pili ndiyo hiyo iliyoungua. Nitabonyeza wapi?

Nimewaandikia barua pepe mara tatu. Majibu mawili ya kwanza yalikuwa yale yanayojituma yenyewe. La tatu liliandikwa na mtu, likasema toleo letu halihudumiwi tena, tulipie jipya kwa dola kila mwaka. Mimi sikuomba toleo jipya. Niliomba kufungua kazi yangu kwa programu niliyoilipia.

Nilipopiga simu, kijana wenu alinielekeza nipakue toleo la majaribio. Nikafungua wimbo mmoja. Palipokuwa na ufunguo wa G pana alama ya &, palipokuwa na ufunguo wa F pana alama ya kuuliza, na nota za mapigo manne zimegeuka herufi w. Programu ile huchora nota kwa fonti maalumu, na chini ya kila alama kuna herufi ya kawaida. Fonti ikikosekana, herufi ndizo zinazojitokeza. Nilinakili fonti ya zamani kutoka kwenye CD na nota zikarudi zote. Lakini toleo la majaribio halihifadhi wala halichapi.

Kijana huyo akashauri basi tutumie MIDI, yaani faili la kupigisha wimbo kwenye kinanda au kompyuta. MIDI inabeba sauti ipi ilie na kwa muda gani, hata G shapu na A flati kwake ni kitu kimoja. Mpiga kinanda atasikia wimbo, ila mwanakwaya hawezi kuusoma. PDF nazo ni kama picha tu: ukitaka kuushusha wimbo nusu sauti, unaanza kuandika upya.

Ndugu Meneja, kati ya nyimbo hizo 186, nyimbo 41 ni za mzee wetu, aliyetufundisha sisi sote, aliyefariki mwaka 2016. Alitunga kwa solfa (do, re, mi), kwa penseli, kwenye madaftari ya shule. Tulipofungua sanduku lake tulikuta mchwa wamemaliza kurasa, wamebakiza majalada. Kilichopo ni nilichokiandika mimi kwenye kompyuta ile, yeye ameketi pembeni yangu akiniimbia sauti moja baada ya nyingine. Kuna wimbo wake wa matoleo, wa mapigo ya sita kwa nane, ambao tenori wanaingia kwenye pigo la tano. Nilidhani amepitiwa, nikawaingiza pigo la nne pamoja na wenzao. Akanishika mkono: "Hapana, mwanangu, waache wachelewe. Ngoma inakwenda hivyo." Nikarudisha. Siku hizi tenori wetu wanaimba kwa mazoea na wameshateleza kwenye pigo la nne, na nikiwaambia si sahihi sina karatasi ya kuwaonyesha. Lile pigo la tano limebaki ndani ya faili moja, na faili hilo liko kwenye flashi iliyofungwa kwa uzi wa funguo zangu. Siku flashi hiyo ikipotea, au ikiharibika, ndiyo basi.

Ninachoomba ni kidogo. Zifuteni kompyuta zile mbili kwenye kumbukumbu zenu, leseni yetu ikubali mara moja tu. Kama mtambo wenu wa kuamilisha matoleo ya zamani mmeshauzima, nitumieni namba ya kufungulia bila intaneti. Toleo letu linaweza kutoa nota katika muundo wa MusicXML, wa kuhamishia nota kati ya programu na programu, uliopo tangu mwaka 2004, na MuseScore, programu ya nota ambayo ni ya bure, inausoma. Nitatoa nyimbo zote 186, nikague maneno yamekaa chini ya nota zake, niweke nakala parokiani na kwa katibu. Sitawasumbua tena.

Naomba jibu kabla ya tarehe 28 Machi. Pasaka ni tarehe 20 Aprili, wimbo ule wa matoleo umo kwenye ratiba, na Jumamosi ya tarehe 29 nakaa na tenori.

Wenu,
Mwalimu wa Kwaya

Nakala: Katibu wa Kwaya