Kwa Nini Ziara Moja ya Shambani Haitoshi Kumfanya Mtoto Ale Mboga

Wazazi wengi wa Kigoma mjini na Ujiji wanaoleta watoto katika shamba letu la bonde la Luiche hutarajia kwamba mtoto akishachuma mchicha kwa mkono wake, jioni ileile ataula. Wapo wanaoula. Lakini wengi hula shambani wakiwa na wenzao, kisha wakifika nyumbani huusukuma pembeni mwa sahani kama zamani, na mzazi huona fedha yake imepotea. Ndiyo sababu hatupokei tena ziara ya siku moja.

Mtoto wa kati ya miaka 2 na 6 hukishuku chakula asichokizoea, na hiyo ni hatua ya makuzi, si ukaidi. Watafiti wa lishe ya watoto wameonyesha kwamba huenda akahitaji kuonja chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, ilhali nyumbani tunakata tamaa mapema zaidi. Kushika, kunusa na kuona mboga inavyoota ni sehemu ya kuzoea huko, lakini hakuwezi kukamilika kwa asubuhi moja, hata kama watoto wamefurahi kiasi gani.

Kwa hiyo kila kundi hupewa tuta lake la mchicha, zao lililo tayari kuvunwa baada ya wiki 3 hadi 4 tangu kusiwa. Safari ya kwanza watoto husia mbegu na kumwagilia. Ya pili hupunguza miche iliyosongamana, na ile waliyoing'oa huoshwa na kupikwa papo hapo, kwa kuwa ni laini na haina ladha kali. Kwetu sisi hii ndiyo siku yenye thamani kuliko zote, maana hata mtoto mwoga hukubali kutafuna kijimche alichokitoa ardhini mwenyewe. Ya tatu huvuna na kupika kwa mawese na dagaa kidogo. Mawese hatuyaweki kwa ajili ya mazoea ya Kigoma pekee: mafuta husaidia mwili kufyonza viini vya vitamini A vilivyomo katika mchicha, na mawese yasiyosafishwa yenyewe yana viini hivyo kwa wingi.

Hatumlazimishi mtoto kula, wala hatumwahidi soda akimaliza, kwa sababu zawadi humfundisha kwamba mboga ni taabu inayostahili malipo. Tunawaomba wazazi wafuate utaratibu huo nyumbani, wapike mboga ileile mara kwa mara, waile wenyewe mbele ya mtoto, na wamwachie kiasi kidogo sahanini bila maneno mengi.

Tunapokea makundi hasa kuanzia Juni hadi Septemba, wakati wa kiangazi. Kila mtoto aje na viatu vya kufunika vidole, kwa kuwa tunatumia samadi, na mzazi atueleze mapema iwapo kuna chakula kinachomdhuru.