Wazazi waonyeshwe namna ya kumkanda mtoto aliyezibika mfereji wa machozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowahangaisha wazazi wengi wa watoto wachanga, nalo ni jicho linalochuruzika machozi mchana kutwa ilhali mtoto halii, na kila anapoamka kope zimegandishwa na tongotongo. Mimi ni muuguzi wa watoto, na wazazi wengi wanaoniletea watoto wa namna hii huwa wamekwisha kumaliza chupa mbili tatu za dawa ya macho bila mafanikio.

Machozi hutengenezwa muda wote ili kulilowesha jicho, kisha huingia katika vitundu vidogo vilivyo kwenye kingo za kope karibu na pua, yakakusanyika katika kifuko kilicho kwenye kona ya ndani ya jicho, na kuteremkia puani kwa mfereji mwembamba. Ndiyo maana mtu akilia na kamasi humtoka. Kwa watoto wengi wenye tatizo hili, utando ulio mwisho wa mfereji, pale unapoingia puani, huwa bado haujafunguka wanapozaliwa. Machozi hukosa njia na kufurika shavuni, na yale yaliyotuama kwenye kifuko huwa mazito kama usaha, lakini sehemu nyeupe ya jicho hubaki nyeupe. Dawa ya kuua bakteria haifungui utando huo. Hupunguza tongotongo kwa siku chache, mzazi akapata matumaini, kisha hali ikarudi palepale. Dawa hiyo ina nafasi yake maambukizi yanapokuwepo, na mwenye kuamua hilo ni mtaalamu aliyemwona mtoto.

Kinachosaidia ni kukanda, mbinu iliyoelezwa na daktari Crigler mwaka 1923 na inayopendekezwa hadi leo. Ninachosikitikia ni kwamba mzazi huambiwa tu “uwe unamkanda”, akaenda zake bila kuonyeshwa mahali penyewe, matokeo yake akawa anapapasa chini ya jicho au kwenye pua, ambako hakuna kinachosukumwa. Anatakiwa akate kucha, anawe mikono kwa sabuni, kisha aweke ncha ya kidole kati ya kona ya ndani ya jicho na mfupa wa pua, abonyeze kuelekea kwenye mfupa, na akiwa bado amekaza ateremshe kidole kwa kufuata ubavu wa pua. Mkazo uwe wa kusukuma kilichomo, wala si wa kubembeleza ngozi. Afanye hivyo mara 5 hadi 10, na arudie mara kadhaa kwa siku, hasa mtoto anaponyonya na kutulia. Ute ukichomoza kwenye kona anapobonyeza asishtuke, kwa kuwa ni kifuko kinachojimwaga. Aufute kwa pamba safi iliyoloweshwa katika maji yaliyochemshwa yakapoa, na pamba iliyofuta jicho moja isiguse la pili.

Takriban watoto 9 kati ya 10 hupona kabla ya kutimiza mwaka. Wanaobaki hupelekwa kwa daktari bingwa wa macho, ambaye hupitisha kijiti chembamba cha chuma ndani ya mfereji na kuufungua, kwa kawaida mtoto akiwa amepewa nusukaputi. Kazi yenyewe huchukua dakika chache na wengi hufanikiwa mara ya kwanza, kwa hiyo mzazi asiikimbie kwa hofu ya neno “upasuaji”.

Lakini si kila jicho linalotoka machozi ni la kusubiri. Mtoto wa siku chache mwenye kope zilizovimba na usaha mwingi apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana huenda aliambukizwa wakati wa kuzaliwa, na kisonono kikiingia machoni huweza kupofusha kwa muda mfupi sana. Uvimbe mwekundu wenye maumivu kwenye kona ya jicho, pamoja na homa, usikandwe. Huo nao ni wa hospitali. Vilevile mtoto anayekwepa mwanga, au ambaye jicho lake linaonekana kubwa isivyo kawaida au lina ukungu, anaweza kuwa na presha ya jicho, ugonjwa ambao nao huanza kwa machozi na ambao kila wiki inayopotea hula uwezo wa kuona.

Ombi langu kwa wahudumu wenzangu ni kwamba mama au baba anapomleta mtoto kliniki kwa chanjo na jicho likaonekana linachuruzika, aonyeshwe kukanda juu ya mtoto wake mwenyewe, kisha afanye yeye huku mhudumu akimwangalia na kumsahihisha kidole kinapokosea mahali. Na kwenye kadi ya mtoto iandikwe tarehe ya kumwona daktari wa macho endapo atatimiza mwaka machozi yakiwa bado yanatoka.

Wako,
Muuguzi wa watoto