Ahsante Sista, hata kama umekataa nikutaje

Sista, uliniomba jina lako nisilitoe, nami nimetii. Kunyamaza kabisa ndiko nisikoweza.

Ada hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, tunashukuru. Lakini sisi Wakwere na Wadoe wa vijiji vya ndani ya Bagamoyo, na jirani zetu Wamaasai, tunajua mtoto hazuiwi na ada peke yake. Kuna sare, viatu, madaftari, na sekondari iko mbali. Wewe hukuja na hotuba. Ulikaa mkekani, ukala mihogo nasi, ukatuuliza kwanza tunataka nini. Ndipo ukamtafutia binti yangu nafasi bwenini, na mimi ukanikalisha kwenye cherehani.

Kola ya shati ina kazi jamani! Ulinionyesha tena na tena, ukifumua na kushona upya, bila kunung'unika. Leo nashona sare za wanafunzi, na madaftari ya mwanangu nanunua mwenyewe.

Mimi ni Mwislamu. Hukuwahi kunitaka nibadili dini, na hilo nataka watu walijue. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa Bagamoyo mwaka 1868, wakawapokea waliokombolewa utumwani, wakawafundisha kusoma, kulima na ufundi. Tangu utotoni nasikia habari hizo. Kwako nimeziona kwa macho.

Binti yangu kasema niandike na salamu yake: shikamoo, Sista. Mwenyezi Mungu akulipe kheri na akupe afya.