Risala ya Wasanii wa Mtaa wa Kaloleni kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wa mtaa, wazazi wetu na wasanii wenzetu,

Tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu katika maonyesho yetu ya mwaka, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ili uje kuketi nasi.

Kikundi chetu kilianzishwa na vijana waliokutana jioni kufanya mazoezi ya ngoma na maigizo. Leo kina waigizaji, wachoraji na wachongaji pia, na tunatamka bila kusita kwamba katika Eastlands nzima hakuna kikundi kilichofanya makubwa kama chetu: michoro yetu ya ukutani imeubadilisha mtaa huu sura, na wenzetu wamelipanda jukwaa la Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho, uliofunguliwa mwaka 1952, wakashangiliwa.

Mheshimiwa, vipaji tunavyo na kazi hatukosi. Kila ifikapo Madaraka, Mashujaa au Jamhuri tunaitwa kutumbuiza, nasi huitika. Kinachotuumiza ni malipo. Anayetuita hutoa ahadi ya mdomo, au barua isiyotaja tarehe ya kulipa. Sisi hukodi mavazi, vipaza sauti na matatu kwa fedha tulizokopa chamani. Kisha ankara yetu huzungushwa ofisi hadi ofisi kwa miezi, hata fedha zikija huwa riba imekwisha kuzila. Mwenye nyumba hangoji. Mchango wa bima ya afya ya jamii, ambao ni asilimia 2.75 ya mapato na haupungui shilingi 300 kwa mwezi, sisi tusio na ajira rasmi hutakiwa kuulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo, na hilo ni zito kwa mtu asiyejua kama Desemba atakuwa amelipwa kazi ya Juni. Baadhi ya wacheza ngoma wetu hodari wameacha sanaa wakaenda kuendesha bodaboda, jambo linalotuuma kuliko deni lenyewe.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hata hivyo, zabuni inayocheleweshewa malipo humfilisi kijana iliyokusudiwa kumwinua. Wageni rasmi waliokutangulia hapa walikisikia kilio hiki, wakakiandika, wakapiga picha nasi, na mmoja wao akaahidi kukishughulikia kabla ya wiki kwisha. Tunawashukuru kwa maneno yao mazuri, nasi tungali tunasubiri.

Ombi letu ni moja: uitumie ofisi yako kuhakikisha kwamba msanii anayealikwa katika hafla ya umma anatia saini mkataba mapema, analipwa nusu ya ujira kabla hajapanda jukwaani, na anamaliziwa salio ndani ya siku 30.

Pamoja na risala hii tunakukabidhi nakala za ankara zetu ambazo hazijalipwa. Tunakusihi, kabla hujaondoka, ututajie mbele ya wazazi hawa tarehe ya kupata majibu na afisa tutakayemfuata.

Ni sisi,
Kamati ya Kikundi